Kusogea Nyuma

Siku ya kwanza nilisimama begani pake,
karibu hivi kwamba pumzi zetu
zilitia ukungu chupa moja.
Saskatoon, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na sisi wawili mbele ya sinki la maabara ya mbegu,
chupa mia na arobaini zikitungoja,
kila moja na tope la jaribio la mtu mwingine.

Kazi yangu mimi, ukiniuliza, ni kusogea nyuma.
Chuo kinanilipa kwa hilo.
Hakuna aliyenifundisha kwamba huuma.

Orest Hawryluk, miaka ishirini na mitatu,
mwaka wa tatu, kadi ya chuo shingoni
hata akilala, asema mama yake.
Somo la udongo alikaa mstari wa mbele.
Hakufanya mtihani wa wenzake, alifanya wake:
alileta udongo wa aina tisa katika makopo ya jemu
akatueleza kila mmoja kwa kuunusa.
Faili lake lina kurasa sitini. Thelathini za mwanzo
zinaorodhesha asiyoyaweza,
zimeandikwa na watu
ambao hawajamwona akiosha chochote.

Kwenye usaili Bi Desjarlais alisoma maswali
kama yalivyo karatasini, nami sikumzuia:
"Udhaifu wako mkubwa ni upi?"
Orest akafikiri. Saa ya ukutani ikafikiri naye.
"Siwezi kufunga kamba za viatu mtu akinitazama."
Bi Desjarlais akageuzia uso dirishani
kwa muda ambao kamba ingefungwa,
kisha akasema, "Jumatatu, saa mbili asubuhi."

Nilibandika picha kumi na mbili juu ya sinki:
suuza, loweka, sugua, suuza tena.
Wiki ya pili nikakuta amezipanga upya,
ya saba imekuwa ya kwanza.
Nikazirudisha. Akazihamisha.
Nikamuuliza kwa nini, kwa ile sauti
ninayoichukia nikiisikia kwa wengine.
"Mirija kwanza," alisema, "maji yangali moto.
Chupa hazijali. Mirija inajali."
Kumbe.
Sasa kila anayeosha pale huanza na mirija.

Siku mbaya zilikuwepo, sioni haja ya kuzificha.
Kengele ya moto ililia, ya mazoezi tu,
akajikunja chini ya meza, masikio ameyaziba,
na kijana mmoja wa uzamili akacheka;
si sana, kiasi cha kutosha.
Siku tatu hakuja. Ya nne nikampigia
nikiwa na hotuba nzima mdomoni.
"Basi limechelewa," alisema. "Waambie nakuja."

Februari nilikuwa mlangoni.
Machi, ngazini, na kahawa iliyopoa.
Aprili ndani ya gari, injini ikinguruma,
nikihesabu madirisha mpaka la nne
kama mwizi, au kama mzazi.
Akatoka na aproni ya mpira, bila koti,
theluji ya mwisho ikimtua kichwani, akagonga kioo.
"Unapoteza petroli," alisema. "Nenda."

Hati ya mshahara aliniletea ofisini
imekunjwa mara nane.
Akaweka kidole kwenye mstari unaopunguza.
"Hizi kachukua nani?"
Serikali.
"Za nini?"
Nikasema hospitali, shule, barabara.
Akanyamaza. Naujua unyamavu wake,
nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza.
Hakuyahitaji. Aliikunja hati yake, mara nane tena.

Jana nimemwona kituoni, simu sikioni,
anaongea na ofisi za jiji
habari ya shimo lililoko mbele ya maabara.
"Hapana, si la mama. Ni langu, nalilalamikia mimi.
Mimi hulipa."
Kisha: "Ndiyo, nitasubiri.
Nina dakika ishirini na mbili kabla ya zamu."