Mpishi wa Kisiwa cha Simu

Boti kutoka Khasab huzima injini hapa.
Wenzangu huwapigia makofi pomboo;
mie natafuta jiwe lililowahi kushika masizi.

Songoro, babu wa babu yangu, alipikia watu watano
juu ya mwamba usio mti wala kisima.
Maji yaliletwa kwa mapipa, yakafika vuguvugu kama mate.
Mkuu wa kituo alihesabu siku kwa mkaa ukutani,
akakosea, akafuta, akaanza upya.

Nyuma ya jiko waya ulidonoa,
donoa, donoa, hata sikio la mpishi likaelewa.
Bei ya ngano Karachi aliijua kabla ya matajiri.
Mfalme fulani kaugua: akatia chumvi mchuzini, akanyamaza.

Mamake alifia Wete.
Alipata habari mwaka wa pili,
kwa baharia aliyekuja kudai deni la tende.

Usiku ule akagonga upawa kwenye sufuria
jina zima la mama, herufi kwa herufi.
Waya haukwenda Pemba.
Mkuu akapaza sauti: kuna nini huko jikoni?
"Panya, bwana."

Kisiwa kile hakikuwa na hata panya.