Tarehe Ishirini na Tatu

Kalenda ya jikoni ni ya kuchana, karatasi moja kwa siku,
na nyuma ya kila karatasi wamechapa yaliyotokea.
Ya leo, Januari 23, inasema:
mwaka 1556, huko Uchina, tetemeko la ardhi, watu laki nane.
Mwaka 1960, wanaume wawili ndani ya tufe la chuma
wakashuka hadi kina cha mwisho cha bahari.
Kioo kilipata ufa njiani. Wakazidi kushuka.
Mwaka 1973, volkano, kisiwa cha Heimaey, Aislandi.
Mstari mmoja, kisha nukta.

Mimi nimo ndani ya nukta hiyo.

Jana yake dhoruba ilizizuia mashua zote bandarini
na watu wakaulaani upepo.
Saa nane usiku wakaushukuru,
maana nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye malisho,
ardhi ilifumuka kama mshono wa gunia
na moto ukasimama wima, safu nzima,
theluji ikageuka rangi ya chungwa.

Watu elfu tano wakateremka gatini,
makoti juu ya nguo za kulalia.
Jirani alibeba saa ya ukutani, nayo ikawa inagonga.
Mama alinibeba mimi, wiki tatu kabla ya wakati wangu.
Bibi Bergthora akafika nusu ya njia, akageuka:
mlango haukufungwa.
Mlango ambao hakuwahi kuufunga tangu aolewe!
"Moto hauombi ufunguo," babu akamfokea.
Akarudi. Akautafuta ufunguo ndani ya bakuli la vifungo.
Akafunga.

Nilizaliwa kati ya kisiwa na bara, juu ya nyavu,
mpishi wa mashua akanikata kitovu
kwa kisu cha samaki alichokichemsha kwenye birika la kahawa.
Baadaye karani akauliza: mahali pa kuzaliwa?
Mama akamjibu: andika saa tu,
mahali palikuwa panatembea.

Miezi mitano wanaume waliumwagia maji ya bahari
ule uji wa moto uliotaka kuziba mlango wa bandari.
Bandari ikapona.
Nyumba yetu iko chini huko, imefungwa vizuri.
Kila mlango na ufunguo wake, wamesema wahenga;
hawakusema ufunguo ufanye nini ukibaki mjane.
Wetu unakaa kwenye droo, pamoja na vijiko vya chai.

Babu alifariki tarehe hii hii, mwaka 1991,
kitandani, kwa kikohozi cha kawaida.
Mama alinipigia simu:
"Heri ya kuzaliwa, na babu yako ametutoka,"
kwa pumzi moja, kama anayelipia kila neno.
Keki niliila mwezi mzima, kipande kwa kipande,
sikumpa mtu.
Hilo halikuchapwa popote.

Na mwaka huu tarehe imeangukia Ijumaa,
siku ambayo kalenda ya kale huwapa waume heshima.
Mila yataka mwenye nyumba aamke alfajiri,
avae mguu mmoja tu wa suruali,
aizunguke nyumba akirukaruka kuukaribisha mwezi wa baridi.
Eyvindur wangu, mtu wa bara, huamini kila anachoambiwa.
Namwona akipita dirishani, paja jeupe, anahesabu kwa sauti.
Mbwa wa jirani amenyamaza kwa mshangao.

Nachukua penseli. Nafasi ni ndogo, upana wa kidole.
Nataka kuandika kisu, birika, keki,
lakini jicho linanirudisha kule juu, kwa wale laki nane.
Yumkini siku ile, huko Uchina, alizaliwa mtu,
na mwanamke fulani alirudi nyumbani
kwa jambo dogo lisilo na maana.
Jina lake silijui. Nimemwachia nafasi.

Mlango wa nyuma unagongwa.
Eyvindur amejifungia nje,
anauliza kama sherehe imekwisha,
na kama kuna chai.