Kabla ya Treni ya Kwanza

Wamenipa meza karibu na dirisha
na swali moja: reli ikifika uwanja wa ndege wa Dublin,
mwaka wa kumi itabeba watu wangapi?

Nina hojaji elfu mbili na mia nne.
Kila aliyeulizwa, begi mkononi, macho kwenye ubao wa safari,
alijibu treni, bila shaka treni.
Ulimi hauna mfupa, wala hauna nauli.
Kwa hiyo napunguza: theluthi kwa ajili ya adabu,
kiasi kwa ajili ya mvua,
maana mwenye masanduku matatu na mtoto aliyelala
hatembei dakika tisa hadi stesheni
eti kwa sababu jedwali langu limemwomba.

Baba yangu, Fachtna, ni dereva wa teksi.
Miaka ishirini na sita anapanga foleni pale nje.
Jumapili, akimenya tufaha, akaniuliza:
"Mimi umeniweka safu gani?"
Safu ya saba, baba. Wanaohama kutoka teksi.
Asilimia thelathini na moja.
Akacheka, akaendelea kumenya,
ganda moja refu lisilokatika
hadi likagusa sakafu.

Jumanne nilikwenda mwenyewe, saa kumi alfajiri,
baridi ya Februari ikining'ata masikio.
Basi la usiku likamwaga watu wasio na mabegi:
wapishi, wafagiaji, wale wanaokuvua mkanda na viatu.
Mama mmoja, beji shingoni imeandikwa Attracta,
akataka kujua treni ya kwanza itafika saa ngapi.
Saa kumi na moja na nusu, nikasema.
"Saa hiyo nimeshapiga deki vyoo sita."
Akaingia. Mlango wa kioo ukajifunga wenyewe.

Wadadisi wetu walianza kazi saa mbili asubuhi.
Baada ya kifungua kinywa.

Nikaiwahisha treni ya kwanza, saa tisa na nusu,
nikaongeza watu mia sita kwa siku
kwa ushahidi wa mwanamke mmoja na basi lililojaa.
Bwana Prendergast atauliza chanzo.
Nimeandika: nilikuwepo.

Safu ya saba sijaigusa.
Usiku huu nimeifungua mara nne,
nikaitazama, nikaifunga.