Ngazi ya Nne

Mzee Raudsepp alipiga simu kabla sijanywa chai:
jiwe lako lina ufa, njoo ulichukue.
Theluji ilikuwa bado haijaamua kuondoka Paldiski.
Nikatia mkobani kisu, siki, chupa ya maji
na lenzi ya baba, iliyofungwa uzi palipovunjika.

Baba yangu Uku, mkata mawe, hakuwa mtu wa maneno.
Rangi ni porojo, alisema, usiisikilize.
Kwaruza. Kisu kisipouma, hilo si chokaa.
Kikiuma, dondosha siki, utege sikio:
chokaa hujibu papo hapo, kwa povu na kelele ndogo;
pacha wake mnafiki hukaa kimya
mpaka umsage unga, ndipo anung'unike.
Mwisho, lowanisha.
Jiwe kavu halizungumzi na mtu.

"Ufa," akasema Mzee, akaonyesha kwa fimbo.

Nikamwaga maji.
Ukijivu ukazama, na ule ufa ukaota mipaka:
pembe iliyonyooka, ndefu kama mkono hadi kiwiko,
vyumba vyumba, kuta zake nyembamba kama kucha,
na mrija mmoja ukizipenya zote
mfano wa uzi katika shanga.

"Huyu si ufa. Huyu ni mkazi."
Nikamweleza: ndugu wa mbali wa ngisi,
aliogelea hapa kabla hapa hapajawa hapa,
nchi yetu nzima ikiwa kusini mwa dunia, chini ya maji.
Akafa, akazama katika tope la maganda ya wenziwe.
Ngazi zako zote ni maganda, Mzee, yamesagika tu;
huyu amebahatika kubaki na umbo.

Akaomba lenzi. Akaishika kinyume, nikamgeuzia.
Akahesabu vyumba kumi na tisa.
Akarudia: ishirini.
"Aliishi kipi?"
Cha mwisho tu. Akikua hujenga kingine mbele,
hufunga mlango nyuma yake.

Mzee akayatazama madirisha ya ghorofani,
yale ambayo hayajafunguliwa tangu Helve.
Hakusema kitu. Wala mimi.

Jiwe sikulichukua, na malipo yalifika Ijumaa.
Majirani wanacheka: mtu wa miaka themanini na mbili,
kapu la viazi mkononi, goti la kulia likilalamika,
anaruka ngazi ya nne,
na tarishi akiikanyaga, anafokewa.