Kununua Baridi Mafinga

Mwezi wa saba, saa mbili asubuhi,
pumzi zinatutoka kama wote tunavuta sigara,
hata Chesko, mwanagenzi wa gereji, miaka kumi na saba.
Nikasema nataka kujaza gesi ya AC.
Fundi Mwalongo akavua kofia yake ya sufu,
akaitazama, akaivaa tena.
"Dada, baridi hii ya bure haikutoshi?"

Mama Vumilia wa chai alicheka mpaka birika likamwaga.
Nikaeleza: nimehamishiwa Kyela,
kule chini ambako shuka hulowa jasho kabla ya jogoo,
na gari ni hili hili, Korona la marehemu baba.

"AC ilikufa lini?"

Sikujua.
Huku juu nani huiwasha?
Kitu kinaweza kuvuja miaka kumi,
hata "psss" usiisikie,
nawe umefunga sweta mpaka kidevuni
unawaambia watu gari ni zima.

Akaunga geji zake, ya buluu na nyekundu.
Mishale yote miwili ililala sifuri.
"Kwanza tunatoa."
"Unatoa nini, si umesema hamna kitu?"
"Hamna gesi. Hewa imo. Unyevu umo.
Ukijaza juu ya unyevu, umejaza ugonjwa."

Pampu ikanguruma nusu saa, akaizima.
Tukaukodolea macho mshale wa buluu
kama ndugu wa mgonjwa wanaosubiri akohoe.
Ukapanda.
Unene wa unywele. Kisha unywele mwingine.

Akasukuma gesi kidogo, Chesko akapaka povu la sabuni
kiungo baada ya kiungo,
mpaka nyuma ya taa ya kushoto
likatoka povu moja, likavimba taratibu kama koo la chura.
Oringi. Kipete cha mpira
kilichokauka kama ganda la haragwe.
Shilingi elfu moja.

Wakafungua na sanduku la feni, chini ya dashibodi.
Chesko akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko,
akatoa konzi ya majani ya misonobari,
makavu, yameshikana kama kiota.
Akatoa tena. Na tena.
Baba alipanda miti Sao Hill miaka ishirini na sita;
aliegesha gari hili chini ya miti yake
akaliacha limwagikiwe.
Harufu ya utomvu ikapanda
na koti lake likaja lote, na kola yake.
"Tupa," fundi akasema.
Nikaomba gazeti.

Pampu tena. Safari hii mshale ulitulia.
Lakini gesi ikagoma kuingia.
Kopo lilimganda Chesko kiganjani, akalihamisha huku na huku.
"Kumepoa mno," fundi akasema,
"Mama Vumilia, tupe maji ya chai!
Vuguvugu, yasichemke, tusije tukaruka na bati."
Akalilaza kopo kwenye beseni
kama mtoto wa siku saba.
Hapo ndipo baridi ilipokubali kutembea.

Tak!
Kompresa ikashika. Injini ikainama kidogo,
ng'ombe aliyeongezewa jembe, kisha ikanyanyuka.

Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa.
Mkono haukujua ipi ni ya gari, ipi ni ya Mafinga.
Ikabidi kipimajoto: nje tisa, ndani tano.
Nyuzi nne. Hizo ndizo nilizolipia elfu themanini,
na chai za watu watatu.

"Ukifika Kyela nipigie."
"Nikwambie nini?"
"Usiponipigia nitajua inavuja."

Nikaingia, gazeti langu kiti cha abiria.
Kioo chote kilikuwa ukungu wa pumzi zetu.
Nikabonyeza.
Ukungu ukaanza kurudi nyuma, kutoka pembeni,
likaonekana lori la mbao, kisha lami,
kisha Chesko, amesimama na beseni,
maji bado yanafuka,
anatafuta pa kuyamwaga.