Kopo la Jumatatu

Daku nimekula nimesimama,
matonge mawili, maji, na jicho kwenye saa.
Ibra imelala, viyoyozi vinakoroma mtaa mzima,
nami nakumenyea yai, Muhannad,
polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba.

Jana usiku nilikufokea.
Nilisema mtoto wa jirani amemaliza kitabu, wewe unatafuta kalamu.
Nilisema na mengine. Unayajua, siyarudii.
Ulifunga mlango taratibu; ungeubamiza ningepata usingizi.
Mzazi ana kinywa cha kuumiza
na hana kinywa cha kusema niwie radhi,
basi mkono ndio unaosema,
kwa chumvi kidogo na pilipili manga,
ambayo hapa Manga penyewe tunauziwa na Wahindi.

Bibi yako Zuwena kamaliza tahajudi,
kapita jikoni na tasbihi yake, anakagua.
"Mtilie halwa. Akili inataka sukari."
Halwa itampandisha saa mbili, mama, itamwangusha saa nne,
katikati ya hesabu.
"Basi sambusa."
Sambusa ina mafuta, na mafuta yana usingizi.
"Sisi tulisoma kwa muhogo wa jana, na tukafaulu."
Sikumuuliza alifaulu nini. Alitoka darasa la nne akaolewa.
Naye kama aliyenisikia, akacheka peke yake.

Basi ndani mna mayai mawili,
chapati kavu iliyokunjwa na jibini,
matango, lozi kiganja kimoja (kiganja changu, si chako),
na chupa ya labani niliyoigandisha tangu isha
ili joto la Juni liiyeyushe kidogo kidogo,
ikufikie saa ya mapumziko ingali baridi.
Na tende tano za Naghali, za mwanzo wa msimu,
za mtende wa nyuma, ule uliokuwa ukiumwagilia
kila ulipokimbia kusoma.

Kila kilichomo najua kilikotoka.
Mayai ni ya kuku wetu. Unga ni mshahara wa baba yako,
anayelinda ghala Duqm, akihesabu siku mpaka Alhamisi.
Hamna tonge la wizi humu,
nawe usilitie huko: jibu la kuchungulia
ni yai la banda la watu.
Ukikwama, acha nafasi nyeupe. Nyeupe haina dhambi.

Sikuombei namba moja.
Nilikuwa nikiiomba, nimeacha, nimeona inavyokukondesha.
Naomba kifua chako kipanuke, mkono usitetemeke,
na bismillahi isikupotee
kabla ya swali la kwanza, na kabla ya chapati.

Kifuniko kimelegea, nimekizungushia mpira.
Tumefundishwa: mfunge ngamia kwanza, ndipo utawakali.
Huyu hapa ngamia wangu, wa plastiki, kijani,
pembe moja imeungua kwa jiko.
Nimemfunga. Yaliyobaki si yangu.

Basi la skuli likapiga honi.
Ukalichukua kopo kama anayebeba jiwe la mwenzake.

Saa saba umerudi, jua limesimama wima uani.
Hukusema mtihani ulikuwaje. Sikuuliza,
na kutouliza kule kumenichosha kuliko saumu.
Ukaswali, ukalala na soksi zako.
Nikafungua kopo nilioshe.
Mayai hakuna, lozi hakuna, chupa tupu,
kokwa nne zimelambwa safi kama shanga,
na tende moja nzima
imeviringishwa peke yake kwenye karatasi ya kufutia mikono,
na juu yake, kwa wino wa mtihani,
herufi zako zilizolala upande:
*ya futari yako.*

Bibi anakuja tena kukagua.
Nimeificha.
Magharibi bado saa sita nzima,
na kiganjani imekwisha kuwa vuguvugu.