Kidato cha Kona

Ngazi ya stoo ilikuwa na vidato kumi na vinne.
Najua kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa:
kuhesabu kwa sauti, mlangoni, na tochi,
miaka tisa, glavu za mama zikinivuka vidole.

Jesenice, Novemba. Kiwanda kilikuwa kinafungwa
na kuuza vyuma vyake kwa kilo, kama viazi.
Baba alilinunua kerezo alilolisimamia miaka kumi na saba.
Alilipa mishahara miwili, akamwambia mama ni mmoja.

Walilifungua uani kutwa, juu ya theluji nyembamba.
Kichwa kando. Mkia kando. Gia kwenye karai la kufulia,
kila nati ndani ya chupa ya jamu
pamoja na kikaratasi chenye jina lake.
Kilichobaki ni kitanda: chuma cha kusubu,
kilo mia tatu na arobaini,
kitanda kisichomjua mlalaji.

Zdravko, aliyewahi kushusha boila na piano moja, alitoa amri:
asisimame mtu chini ya mzigo.
"Likitaka kwenda, liacheni liende.
Chuma kitaungwa. Goti halina spea."

Wakalaza mbao mbili juu ya vidato, wakazipaka sabuni.
Wakakingamisha bomba mlangoni,
wakalizungushia kamba mara tatu, na ncha yake
akapewa mjomba Ludvik, mwembamba, kinyozi,
ambaye jioni ile aligundua
kwamba msuguano una nguvu kuliko misuli.

"Legeza."
Moja.
"Legeza."
Mbili.
Kamba ikanung'unika kwenye bomba.
Tatu, nne, na harufu ya katani inayokaribia kuungua.
Hakuna aliyetukana. Hilo ndilo lililonitisha.

Saba.
Nane.

Kwenye kidato cha tisa ngazi inakata kona.
Baba alikuwa amepima mlango, dari,
upana wa stoo, hata kimo cha taa.
Kona aliiamini.

Tukasimama tukiisikiliza nyumba.
Kitanda pua ukutani, kisigino kidato cha sita,
mbele hakiendi, nyuma hakirudi.
Zdravko akawasha sigara.
Ludvik akauliza kama sasa anaweza kuiachia kamba,
na watu wote, hata mama aliyekuwa jikoni,
wakasema hapana.

Kikafungwa kwa minyororo, kikakaa hapo hadi Machi.
Mama alikiruka kila siku akifuata kabichi,
sketi ameikusanya kwa mkono mmoja, bakuli mkono wa pili.
Alikiita mgeni wako.
Mgeni wako kanichania soksi.
Mgeni wako ana baridi kuliko mama yako.
Siku ya tatu akampa kazi:
akapanga juu yake chupa za matango.

Machi baba akachukua patasi na nyundo,
akaichonga pembe ya ukuta, sentimita sita,
usiku, redio juu, mwenye nyumba asisikie.
Tochi aliishika mama.
Kisha Zdravko, kisha Ludvik na glavu mpya,
kumi, kumi na moja, na sauti yangu
iliyokuwa imeanza kujivunia.
Lilipotua sakafuni, glasi za kabatini
zililia orofa mbili juu.

Jana alikuja mnunuzi, kijana wa Kranj,
akateremka na futi yake ya chuma.
Akalitazama lilivyokaa, zima, limepakwa grisi,
vumbi la shaba bado kwenye mifereji yake.
Akaitazama ngazi. Akanitazama mimi.
"Lilipitaje?"

Nikamwonyesha pembe. Akapitisha kidole
palepale ambapo rangi haijawahi kushika vizuri.
Hakusema kitu. Akaanza kupanda,
na nikamsikia akihesabu kwa pumzi.

Alipata kumi na tatu.
Wengi hukisahau kile cha kona.